Kivuli cha Chumba cha Juu

Sabuni ilikuwa imeila mikono ya Dobi kiasi kwamba mumewe alisema akipapaswa nayo anahisi anapigwa msasa. Miaka yote alifulia watu mashuka, sare za kazi na chupi ambazo wenyewe wangeona aibu kuzitambua, akazianika kwenye kiwanja kilichopakana na nyumba yao. Kwa hiyo mradi wa umeme wa jua wa mtaa ulipotangaza kwamba unatafuta kiwanja cha kukodi, kilicho wazi, kisicho na kivuli, Dobi aliinua mkono kabla Mwenyekiti hajamaliza kusafisha koo. Kodi inaingia, mkono hauingii majini. Nani angekataa?

Mwenyekiti wa kamati ya mradi alikuwa muuza magodoro. Alichaguliwa kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa na kipaza sauti.

Mume wa Dobi, fundi mwashi, alilala ghorofani. Ghorofa lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichokaa juu ya nyumba kama kofia ya kuazima. Alikijenga mwenyewe kwa matofali yaliyobaki kwenye majumba ya wenye pesa, ndiyo maana kila ukuta ulikuwa na rangi yake. Baadaye akaanguka kutoka kwenye jukwaa la nyumba ya mtu mwingine, na tangu hapo kiuno kwenda chini hakikumsikiliza tena. Wakampandisha na godoro lake, wakamlaza dirishani. Kutoka pale alisalimia mtaa mzima, akatukana madereva, akawasahihisha mafundi waliojenga ng'ambo ya barabara. Watu wakambatiza jina la Redio. Dobi alijua vizuri kwamba siku dirisha lile likiondoka, mumewe naye ataondoka, hata kama ataendelea kupumua.

Mhandisi wa mradi alikuja na miwani myeusi, akasimama katikati ya kiwanja, akaitazama nyumba. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimejilaza barabarani, upande wa pili kabisa.

"Safi sana," akasema.

Redio akamwita mkewe juu. "Mwambie huyo bwana kivuli hicho kina makao mawili. Jua likihama, nacho kinahama. Si ndiyo maana wewe unahamisha kamba zako?"

Kweli. Kila mwaka jua lilipobadili upande, Dobi aling'oa nguzo za kamba zake akazipeleka mwisho wa kiwanja, maana karibu na nyumba mashuka yalishinda mabichi.

"Nyamaza, mume wangu. Nikimwambia atakwenda kukodi kiwanja cha muuza mkaa."

"Na wakigundua?"

"Wakigundua watakuwa wameshamwaga zege. Nani atang'oa vyuma vyote hivyo?"

Hapo alikuwa sahihi. Hakuna aliyeng'oa vyuma.

Paneli zikapangwa, uzio ukazungushwa, mtaa ukawaka. Mtu mmoja alinunua friji akaiweka sebuleni, ili mgeni aione kabla hajamwona mwenye nyumba. Dobi akaanza kupaka mikono mafuta, nayo ikaanza kufanana na mikono.

Kisha jua likahama. Kivuli cha chumba cha juu kikateremka ukutani, kikavuka uzio, kikajitupa juu ya safu ya mbele kama mlevi aliyefika kwake. Na paneli zile zimeungwa pamoja: moja ikifunikwa, wenzake wote wananuna. Taa za mtaa zikafifia. Friji ya sebuleni ikawa kabati.

Kamati nzima ikaja uani, ikasimama ikitazama juu.

"Shemeji," Mwenyekiti akaanza, kwa sauti ileile anayouzia godoro lenye kunguni, "mkataba unasema mwenye ardhi asisababishe kivuli."

"Hamisheni hiyo safu ya mbele."

"Iko ndani ya zege. Gharama ni ya aliyesababisha. Imeandikwa."

"Nimesababisha mimi au jua?"

"Jua halikuweka sahihi, shemeji."

Wote wakaangua kicheko. Hata Dobi alicheka, kwa mazoea tu. Akawatazama mmoja mmoja. Walikuwa walewale ambao Redio huwaulizia watoto wao asubuhi. Muuza mkaa akachora chini kwa kidole cha mguu. "Chumba kimoja tu, mama," akasema. "Si chini kuna nafasi?"

Dobi akapanda ngazi. Mumewe alikuwa amesikia yote.

"Haya, sema uliniambia."

"Sisemi. Nani anakuja kubomoa?"

"Vijana wa Mwenyekiti."

"Wabeba magodoro? Hao watapasua mpaka nyumba ya chini! Niteremsheni. Mniweke uani."

Wakamlaza chali kwenye godoro, katikati ya uani, naye akasimamia.

"Anza na bati! Acha nyundo, wewe, unaua nyoka? Kona ile kwanza. Tofali moja moja. Hilo la kijani nililitoa kwa hakimu, likivunjika nakushtaki!"

"Sawa, fundi," vijana wakaitikia, na hawakumtania. Hakuna ufa hata mmoja uliotokea chini. Fremu ya dirisha ilitoka nzima, na vioo vyake.

"Kazi nzuri," Redio akasema, kisha akafunga macho.

Chumba cha chini kilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuugusa. Mwenyekiti akaleta taa ya bure, akaifunga mwenyewe, akapigwa picha chini yake. Inawaka mchana kutwa. Bila hiyo huoni sahani yako. Nje, jua linachoma paneli zote, hadi ya mwisho.

Redio hamsalimii mtu tena. Aliomba kitu kimoja tu: lile dirisha liegemezwe ukutani, mbele ya godoro lake. Asubuhi akiamka husema, "Fungua." Dobi anakwenda, anatoa komeo, anafungua mabawa yote mawili, na mumewe anautazama ukuta.