Shemeji Alivyopima Kompyuta kwa Mkono

Shemeji yangu hanunui kitu bila kukinyanyua. Ni fundi redio, na ufundi aliupata zamani, enzi redio nzuri ilikuwa na transfoma kubwa ndani na redio mbovu ilikuwa boksi tupu lenye spika. Mkono wake ukazoea hivyo. Pasi huinyanyua, feni huinyanyua. Hata siku aliyokuja kwetu kumposa dada yangu nilimwona akiinua kiti kidogo kabla hajakikalia, nikajua huyu mtu tutamtania mpaka tuzeeke. Ruhusa ninayo, maana ni shemeji yangu.

Dada ni mwalimu wa dansi. Hana shule ya kujivunia, ana ukumbi wa kukodi wenye sakafu ya mbao inayolia pembeni, na wanafunzi wanaompenda ingawa anawakaripia. Dansi zote anazofundisha amezitunga mwenyewe na hazijaandikwa popote. Ziko miguuni mwake. Basi mwaka huu nyonga ikamgomea. Daktari akasema apasuliwe, atatembea vizuri tu, ila ile mizunguko yake asiitegemee tena. Alitusimulia hayo huku anamenya viazi, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni. Mimi namjua. Akisema jambo kwa sauti hiyo, ujue moyo umemvunjika.

Tulimrekodi kwa simu, haikusaidia. Wanafunzi walioitazama video waligeuza kulia kuwa kushoto, na mguu ukipita nyuma ya mwenzake hauonekani umekanyaga wapi. Ndipo Shemeji akasikia habari za kunasa miondoko. Unapanga kamera tatu kuzunguka chumba, mtu anacheza katikati, kompyuta inaunganisha picha zote na kutengeneza kikaragosi kinachocheza vilevile. Kikaragosi hicho unaweza kukizungusha ukakitazama kwa nyuma, au ukakipunguza mwendo. Shemeji akaapa kwamba dansi za mkewe zote zitanaswa pale pale sebuleni kabla hajaingia hospitali.

Nia yake niliipenda. Mkono wake ndio ulioharibu mambo.

Nilimsindikiza dukani. Muuzaji, mama mmoja mpole aliyepandisha miwani kichwani, alimuuliza kwanza kazi yenyewe ni ipi, kisha akamweleza taratibu. Kazi ya kusoma mwili wa mtu kwenye picha inafanywa na kadi ya picha, kwa hiyo atafute yenye nguvu na yenye kumbukumbu yake yenyewe. Tena kompyuta iwe na njia za kutosha, kila kamera ipite kwenye njia yake. Akamtolea moja iliyofaa. Shemeji hata hakuuliza ndani ina nini. Aliinyanyua, akairudisha mezani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba imejaa hewa.

Nikamwambia kompyuta haiuzwi kwa kilo. Yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Juma lililofuata alikuja na dude la chuma lililotolewa kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha vyombo. Lilibebwa na watu wawili, yeye akiwa mmoja wao, na kila ngazi waliyopanda ilimzidishia tabasamu. Dude lenyewe ni kompyuta iliyotengenezwa kutunza mafaili ya ofisi. Kadi ya picha ya maana halina. Lilipowashwa, feni zake zilivuma mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeanza kusaga unga.

Na matundu ya kuchomeka kamera hayakutosha. Hilo halikumsumbua hata kidogo, kwa sababu nyumba yake yote inaning'inia kwenye ekstensheni moja: jokofu, televisheni, pasi, taa ya kazini. Akatafuta kigawanyishi, akazichomeka kamera zote tatu kwenye tundu moja. Picha zikawa zinagombania mlango. Kikaragosi kilichotokea, mkono unafika leo, mguu unafika kesho, na kichwa kimetazama ukutani.

Kwa kuwa nyonga ya Dada haikustahili kuchoshwa kwa majaribio, fundi alisimama mwenyewe mbele ya kamera. Mtu huyu kwenye harusi yake alisimama kama nguzo ya umeme, watu wakacheza wakimzunguka. Lakini kamera hazijaribiwi kwa mtu aliyesimama, lazima atembee, ageuke, aruke. Dada akawa anakaa kwenye sofa na mto mgongoni, anamwelekeza. Wakimaliza dansi moja anampa nyingine, maana dude lilizikataa zote. Kila akikaribia kugeuka alipandisha bega la kushoto, na kila mara Dada alimwambia, "Bega, Fundi." Mimi nilikuwa nawatembelea jioni kwa ajili hiyo tu. Mbavu sina.

Mwishowe akasalimu amri. Alirudi kwa yule mama mwenye miwani, akaja na ile kompyuta iliyojaa hewa, ameikumbatia kifuani, macho yake yakinikwepa. Akachomeka kila kamera kwenye njia yake. Akapunga mkono, na kikaragosi kikapunga hapo hapo. Tukakubaliana kwamba kesho yake Dada atacheza.

Kesho yake Dada alishindwa kushuka kitandani. Daktari alipomwona hakutaka kusubiri tena, akampasua upesi.

Siku zile nilikuwa na utani mwingi mdomoni, nikaumeza. Nilimhurumia Shemeji, na nilimkasirikia vilevile. Angesikia la muuzaji tangu mwanzo, dansi zile zingekuwa zimenaswa zamani. Yeye hakujitetea. Akitoka hospitali anakaa mbele ya ile kompyuta bila kuiwasha.

Dada alirudi nyumbani kwa magongo. Kabla hajaketi vizuri aliuliza kama mashine inafanya kazi. Shemeji akaanza kuomba radhi, kwamba amemchelewesha, kwamba ukaidi wake ndio ulioharibu kila kitu. Dada akamkatiza.

"Washa kamera, usimame katikati."

"Nisimame mimi?"

"Kuna nani mwingine anazijua?"

Akacheza. Niliziba mdomo kwa kiganja nikijiandaa kucheka, kicheko kikakataa kuja. Ilikuwa ile namna ya Dada ya kusita kidogo kabla ya kuzunguka, ule mguu unaopita nyuma, vyote, mpaka dansi ya mwisho. Jioni zile zote alizokuwa akilitetea dude lake, mkewe alikuwa anammiminia kila alichonacho, na hakuna kati yetu aliyeona. Kwenye kioo cha kompyuta kikaragosi hakikuwa na kitambi wala upara, kilicheza tu. Dada alitaka akione kwa nyuma. Shemeji akakizungusha, naye akakitazama, machozi yanamtoka.

Sasa wanafunzi wanajifunza kwa kikaragosi kile, pale pale ukumbini, mwalimu wao akiwa kwenye kiti. Wanaijua mizunguko vizuri. Ila wakikaribia kugeuka, ukumbi mzima unapandisha bega la kushoto. Nilimuuliza Dada, yeye aliyekuwa mkali hivyo, mbona hawarekebishi.

"Waache," akasema. "Hilo ni la mume wangu."