Baraza Linalotazama Ziwa

Bibiane alijifunza uashi kwa baba yake mjini Goma, akimsaidia kuchonga yale mawe meusi ambayo volkano iliyamwaga juu ya mitaa yao. Baba alipofariki, aliendelea na kazi peke yake. Wanaume walimcheka, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumtafuta. Nyumba ya kwanza aliyoisimamia mwenyewe, kuanzia msingi hadi bati, ilikuwa ya mama yake, Perpétue. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na baraza linalotazama Ziwa Kivu.

Hawakumaliza hata mwaka ndani yake. Vita vilipokaribia, mama na binti walifunga nguo kwenye kitenge, wakavuka mpaka, wakafika Kampala. Wakapanga chumba mtaa wa Kasubi. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani.

Kila palipojengwa, Bibiane alipewa kazi ya kubeba maji. Akabeba, hadi msimamizi mmoja alipopungukiwa na fundi, akamwachia kona ya ukuta. Tangu hapo hakurudishiwa ndoo.

Akoth, Mkenya kutoka Kisumu aliyewapikia mafundi chai, alikuwa akimtazama.

"Dada, nifundishe na mimi."

"Saruji itakuharibu mikono."

"Makaa yameshaiharibu."

Akamfundisha. Baada ya Akoth walikuja wengine, Wakongo na Waganda, wajane na wasichana walioacha shule. Leo kundi la Bibiane limejenga madarasa, vyoo vya soko, na nyumba kadhaa upande wa Port Bell. Kuna mafundi wa kike Kampala ambao hawajawahi kumwona, ila walifundishwa na waliofundishwa naye.

Mwaka jana, Siku ya Wanawake, kanisa lake liliamua kumsherehekea, ndani ya ukumbi alioujenga yeye na wenzake. Wakamvisha kitenge kipya, wakaimba, wakamwomba aseme neno.

"Nawashukuru," alisema. "Nyumba za watu nimejenga nyingi. Ila ipo moja..."

Watu wakangoja. Pale mbele, mama yake alisimama, akapiga vigelegele kwa nguvu zake zote, na ukumbi mzima ukampokea. Bibiane akaketi, akafuta macho kwa pembe ya kitenge.

Akoth ndiye aliyemsukuma baadaye. "Si una binamu Goma? Aende akuonyeshe ile nyumba kwa simu."

"Na kama imebomoka?"

"Basi utajua."

Heritier, mtoto wa mjomba wake, alikwenda Jumapili alasiri. Mama na binti wakabanana kitandani mbele ya simu. Kwanza waliona barabara, kisha ukuta mweusi, wima kama alivyouacha. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa barazani. Mwanamke akatoka ndani, kabeba mtoto mgongoni. Akasema jina lake ni Darlène. Kijiji chao kilichomwa moto, akakimbilia mjini, akaikuta nyumba hii tupu.

"Mmekuja kunitoa?" aliuliza.

Perpétue akaichukua simu. "Mwanangu, jioni mnaketi hapo barazani?"

"Ndiyo, mama. Tunaketi."

"Ziwa linaonekana?"

"Leo kuna ukungu. Lakini linaonekana."

"Nionyeshe."

Darlène akaipokea simu kwa Heritier, akaigeuza. Wakatazama maji ya kijivu na mtumbwi mmoja, mpaka mtandao ukakatika.

"Sikumwambia atoke," Perpétue alisema.

"Nimesikia, mama."

"Ulitaka nimwambie?"

"Hapana. Nilitaka niwe mimi ninayeanika nguo pale."

Mama yake akamshika mkono, ule mkono mgumu, akaukanda kama zamani binti yake alipokuwa mtoto.

Siku hizi Darlène huwapigia mwenyewe. Mvua ilipovujisha ukuta wa jikoni, Bibiane alimwelekeza kwa simu namna ya kuziba ufa, na kazi ikatoka vizuri. Mazungumzo yakiisha, Perpétue huomba kuonyeshwa ziwa.

Wanawake wa kundi humuuliza Bibiane kwa nini hajijengei hapa Kampala, yeye aliyewajengea wengi hivi. Hujibu kwamba bado hajapata kiwanja. Akoth, ambaye ameshampeleka kuona viwanja vizuri mara kadhaa, husikia na kunyamaza.