Kifaru Aliyezuia Tingatinga

Juzi nikinunua chapati mtaani Makina, niliona muuzaji amechora kifaru wa pembe moja kwenye ukuta wa kibanda chake, palepale penye X nyekundu ya kubomolewa. Ofisa aliyekuja na tingatinga akakodoa macho.

"Mama, hii ni nini?"

"Kifaru wa India. Wamebaki kidogo tu. Ukimgusa ni kesi."

"Na mbona pembe ni moja?"

"Si ndiyo maana analindwa, boss!"

Ofisa alikuna kisogo, akapiga simu, tingatinga likarudi nyuma. Kufikia jioni kila kibanda kilikuwa na kifaru wake.

Naomba tu serikali isiwahesabu. Ikigundua wameongezeka hivi, itasema hawako hatarini tena, na tingatinga litawashwa.