Beki wa Ukraine na Wavu wa Dunga

Mwaka baba alipozama ziwani nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikaacha shule, nikaenda kuvuta wavu na wavuvi wa ufuo wa Dunga. Baadaye nikawa beki wa timu ya soka ya hapo, kisha kocha.

Halafu kamati ya timu ikaleta Mzungu wa Ukraine, beki wa zamani mwenye vyeti, achukue timu yangu. "Mzee, wewe utambebea mipira," wakaniambia.

Siku tatu alichora mistari ubaoni, akitaka mabeki wapande mbele kwa pamoja ili mshambuliaji abaki ameotea. Lakini uwanjani mabeki wetu, wavuvi wote, kila mmoja akapanda kivyake. Nikawaambia, "Vuteni wavu." Wakapanda pamoja, kwa sababu anayevuta peke yake hupoteza samaki.

Mzungu akauliza nimesomea wapi. Nikamjibu, majini. Akaiambia kamati nibaki kocha.

Leo nina mashua mbili, nyumba ya mawe, ng'ombe watatu na msaidizi mmoja mwenye vyeti.