Sing'oi Bangi Mwitu

Kwetu Urambo, shamba lenye magugu ni aibu ya mwanamke. Langu linayo, na nimeyapanda mwenyewe.

Mume wangu alipofariki, moshi wa kukaushia tumbaku ulikuwa umeshanila kifua. Nikaapa sipandi tena tumbaku. Kikao cha ukoo kikaamua: kaa na shamba, lakini likigeuka pori, linarudi kwa shemeji yako. Shemeji, mdogo wa marehemu, akatikisa kichwa kwa huzuni huku macho yakicheka.

Nikapanda mipapai. Mashimo nikajaza udongo wa kitalu cha zamani cha tumbaku, maana ni mweusi, umeshiba samadi, na huku kila mtu hufanya hivyo. Mipapai ikanyauka. Niliyong'oa ilikuwa na mizizi yenye vinundu kama tangawizi. Ulikuwa ugonjwa wa tumbaku, umelala ardhini. Walioulaza nawajua: marehemu, Mungu amrehemu, aliyepanda tumbaku juu ya tumbaku kila mwaka, na mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima aliyesema kupumzisha ardhi ni uvivu.

Ikapona mitatu tu, nyuma ya choo, palipojiotea bangi mwitu. Si ya kuvuta; ni lile gugu la vimaua vya njano ambalo harufu yake humfanya mbuzi ageuze shingo. Pale sikupalilia, kikohozi kilinizidi. Basi nikakusanya mbegu, nikamwaga shamba zima. Msimu uliofuata nikapanda mipapai katikati yake. Ikazaa.

Asubuhi moja shemeji akaja na baba mkubwa wa ukoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Mzee, jionee," shemeji akadakia. "Pori. Hata nyoka hapa anapotea."

"Mbona wewe umefika?" nikamuuliza.

Mzee akacheka, kisha akajikaza. "Mkwe, ng'oa haya magugu tumalize maneno. Watu wanatusema."

"Sing'oi, baba. Haya ndiyo yanayolinda mizizi." Nikamgeukia shemeji. "Ng'oa mpapai wowote. Ukikuta kinundu hata kimoja, nafungasha leo."

Akachagua mnene kuliko yote, wenye matunda. Akauchimbua mpaka jasho likamtoka. Mzee akapitisha kidole gumba kwenye mizizi, mmoja baada ya mwingine. Yote safi. Halafu kidole kikasimama.

Kinundu. Kimoja, kama punje ya choroko.

"Haya, shem, fungasha!"

"Sifungashi."

"Mkwe," mzee akasema taratibu, "umesema mwenyewe."

"Nimesema, baba. Sasa nasema siendi. Zamani ningekuonyesha mzizi uliojaa vinundu. Leo unatafuta kwa kidole."

Waliondoka bila kuaga, shemeji akinitisha kwa kikao kingine.

Shimo lile nikalitia bangi mwitu siku hiyohiyo. Kikao bado hakijaitwa. Kikiitwa nitakwenda na beseni la mapapai, wayale huku wakinihukumu.