Nesi Mshika Mkono

Nesi wa wodi ya wanaume haandiki vipimo vya kubuni. Wenzake wakichoka huwaandikia wagonjwa wote pumzi zinazolingana, utadhani wodi nzima ni mapacha. Yeye hukushika mkono akijifanya anapima mapigo, kumbe macho yake yako kifuani mwako, anahesabu pumzi, maana mtu akijua anahesabiwa huanza kupumua kwa madaha. Kisha anagonga namba kwenye kompyuta yake ya magurudumu kwa kidole kimoja, ncha ya ulimi nje.

Dereva wa lori aliyevunjika mguu hakuyajua hayo. Yeye alijiona ameshapendwa. "Leo umenishika sana, dada," alisema, akiwakonyeza wenzake. "Sema tu nitume wajomba waje kuposa." Nesi aligonga namba zake, akakaza macho. Jina la dereva lilikuwa limegeuka jekundu kwenye skrini: pumzi na mapigo yake vilikuwa vikipanda kidogo kidogo tangu jana. "Mimi mzima kama..." dereva alianza, pumzi ikamkatikia njiani. "Kompyuta inasema hali yako inazorota, kaka, nami naiamini. Hapa kwangu mtu hafi kimyakimya." Akamvisha oksijeni na kumpigia daktari simu, naye akaja mbio bado anatafuna. "Damu imeganda, imepanda mapafuni," daktari alisema, akiandaa sindano. "Tumeiwahi." Baadaye nesi alipoingiza vipimo vipya, wekundu ukafifia ukawa njano. Alijipiga kifua kama aliyefunga bao, akasukuma kompyuta hadi kitanda cha pili. "Na wewe je, unaumwa au umemsindikiza huyu dereva?"