Kitenge Kipya cha Kubebea

Juzi, Mbeya mjini, nilimkuta fundi akijaribu mkanda wa kunyanyulia mizigo. Aliutundikia chuma kizito kuliko mzigo wowote utakaobebwa nao, akautikisa.

Mchana mmoja wa Rujewa ukanirudia, pamoja na mngurumo wa mashine ya kukoboa mpunga. Mama alikuwa amejifungua, na mimi sikubebwa tena mgongoni. Siku hiyo alikunjua kitenge kipya, bado kina harufu ya dukani, akasema, "Njoo nikubebe." Alinifunga, akarukaruka, miguu yangu ikining'inia. Nikajiona nimerudishiwa mahali pangu.

"Kinashika, wifi," akamwambia shangazi. Akanishusha, akambeba mtoto.

Nililia mpaka jioni.

Fundi aliponiuliza ninachekea nini, nikamwambia kazi ya hicho chuma naijua, niliwahi kuifanya.